Kutoka ngoma ya Mwindo hadi tableti: historia ya vyombo vinavyowasemea wasiosema

Wiki hii siwaletei habari ya barabara wala bei ya mihogo sokoni. Nimeandika habari ndefu kidogo juu ya watu ambao, katika miaka yote ya kazi yangu ya redio, sikuwahi kuwapa maikro hata mara moja: wale wasiosema. Kosa hilo ni langu, na ndilo lililonisukuma kutafuta historia hii.

Ilianza mwaka jana. Mama mmoja wa hapa Buleusa alifika kwangu jioni akiwa na mtoto wake wa kiume wa miaka 11, pamoja na tableti iliyofungwa ndani ya kitenge. Tableti ilitumwa na mjomba wa mtoto anayekaa Goma. Kioo chake kilikuwa na ufa upande mmoja. Mtoto anasikia, anacheka, anajua kuchunga mbuzi kuliko wakubwa wengi, lakini hasemi tangu alipougua malaria ya kichwa akiwa na miaka mitatu.

"Papa, wewe ni mtu wa redio, unajua vyombo," mama akaniambia. "Kaka yangu anasema hiki kinaweza kumsemea mtoto. Kitie maneno."

Nilimjibu, "Sawa mama, uniachie mpaka kesho." Nilifikiri ni kazi ya usiku mmoja. Leo umepita mwaka mzima na kazi haijaisha. Katika mwaka huo nimejifunza kwamba swali la mama yule lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo iko hapahapa kwetu Walikale.

Ngoma ya Mwindo

Sisi wakaaji wa grupema ya Ikobo tuko ndani ya sekta ya Wanianga, na jirani zetu Wanyanga wanayo hadithi kubwa ya Mwindo. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke aliisimulia na kuiimba kwa siku 12 mbele ya mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck. Mwaka 1969 Biebuyck akaichapa kitabu huko Marekani pamoja na Kahombo Mateene, msomi ambaye mwenyewe ni Mnyanga.

Ndani ya hadithi, Mwindo anazaliwa akiwa tayari anasema na kutembea. Baba yake, sultani Shemwindo, hataki mtoto wa kiume. Baada ya kushindwa kumuua, anamfungia ndani ya ngoma na ngoma inatupwa mtoni. Lakini ngoma inapanda juu ya maji, na mtoto anaimba akiwa ndani. Shangazi yake, Iyangura, anafika, anachana ngozi ya ngoma kwa kisu, na kumkuta mtoto ndani.

Nilipokuwa mdogo nilimpenda Mwindo. Siku hizi namfikiria zaidi Iyangura. Mtoto alikuwa na sauti tangu mwanzo, lakini alihitaji mtu mmoja wa kusogea karibu na kuamini kwamba ndani ya ngoma kuna mtu.

Katika vijiji vyetu, mtoto asiyesema anapewa majina: bubu, mjinga, aliyelogwa. Anapelekwa kwenye chumba cha maombi, kisha kwa mganga wa kienyeji, kisha anaachwa nyumbani kuchunga kuku wasianue unga. Shule hafiki. Wageni wakija, mama yake anaulizwa habari zake huku yeye mwenyewe amekaa palepale anasikia yote.

Sababu za kukosa usemi ni nyingi: mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya watoto wachanga, homa ya uti wa mgongo, usonji, na kwa watu wazima kupooza upande mmoja wa mwili. Malaria nayo imo. Watafiti wa Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, waliwafuata watoto waliopona malaria kali, na wakaona kwamba karibu mmoja kati ya wanne alibaki na kasoro fulani ya akili, ya viungo ao ya lugha. Sisi tunamshukuru Mungu mtoto anapotoka kituo cha afya akiwa hai, na tuna haki ya kushukuru. Lakini hatuulizi ametoka na nini.

Niseme pia kwamba viziwi ni watu wengine. Kiziwi anaweza kuwa na lugha kamili ya ishara za mikono. Kwao njia ilifunguliwa mapema zaidi. Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, Andrew Foster, alifungua shule ya kwanza Ghana mwaka 1957, kisha akaanzisha zaidi ya shule 30 za viziwi katika nchi mbalimbali za Afrika, na nchi yetu ilikuwa kati ya hizo. Alikufa kwa ajali ya ndege mwezi wa Desemba 1987 karibu na Gisenyi, mlango wa pili wa Goma. Mtoto anayesikia lakini mdomo na mikono yake havimtii hakupata Foster wake hapa kwetu.

Lokole na sikio la kijiji

Wakongomani hatukungoja mashine ya mzungu ili tujue kwamba neno linaweza kusafiri bila mdomo. Karibu na Kisangani, kati ya Walokele, watu walituma habari kwa lokole, ngoma ya mti iliyochimbwa ndani. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefika Kongo mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu, alijifunza kuipiga, na mwaka 1949 akatoa kitabu juu ya ngoma zinazosema za Afrika.

Carrington alieleza siri yake. Katika lugha ya Kilokele, kila silabi ya neno ina sauti ya juu ama sauti ya chini. Lokole inatoa sauti mbili hizo tu, haitoi herufi. Sasa, maneno mengi yana mpangilio uleule wa juu na chini, kwa hiyo mpigaji hawezi kupiga neno moja peke yake. Anaongeza msemo mrefu unaojulikana, na kwa urefu huo msikilizaji anajua ni mwezi unatajwa ama ni kuku.

Mambo mawili yalinigusa hapo. La kwanza, kusema kwa chombo kunachukua muda mrefu kuliko kusema kwa mdomo, na watu wa zamani walikubali kungoja. La pili, lokole ilifanya kazi kwa sababu kijiji kizima kilifundishwa kusikiliza. Mpigaji mmoja kati ya watu wasioelewa angekuwa anapiga kelele tu. Carrington mwenyewe alisikitika kuona vijana waliopita shuleni wanaacha kuijifunza. Lokole zilikuwapo bado, lakini masikio yalianza kupungua.

Mkimbizi na alama zake

Mwaka uleule wa 1949, mbali kabisa na Yakusu, huko Australia, mtu mmoja alitoa kitabu cha namna nyingine. Jina lake Charles Bliss. Alizaliwa mwaka 1897 Czernowitz, mji wa dola ya Austria na Hungaria, ambako watu wa lugha mbalimbali walichukiana. Alikuwa Myahudi. Wanazi walimfunga katika kambi za Dachau na Buchenwald. Baadaye alifika Shanghai, na huko akaona maandishi ya Kichina: alama moja inabeba maana, na watu wasioelewana kwa mdomo wanaweza kuisoma wote. Baada ya vita akahamia Australia, akatengeneza alama zake mwenyewe akiamini kwamba zingeondoa chuki kati ya mataifa.

Mataifa hayakumsikiliza. Lakini mwaka 1971, huko Toronto, Kanada, mwalimu Shirley McNaughton na wenzake walikuwa na watoto waliopooza tangu kuzaliwa, wasioweza kusema na wasiojua kusoma bado. Walikuta kitabu cha Bliss, wakaweka alama zake kwenye ubao, na watoto wakaanza kuonyesha kwa kidole ao kwa macho. Watoto walioonekana hawana akili wakaanza kutunga sentensi na kutania walimu wao.

Bliss alifurahi, kisha akagombana nao kwa miaka mingi kwa sababu walizibadilisha alama zake ili ziwafae watoto. Mimi namwelewa mzee, kazi ilikuwa yake. Lakini watoto walihitaji maneno ambayo yeye hakuyafikiria, na mimi pia nilianguka katika kosa hilohilo, kama nitakavyoeleza.

Kwa upande wa mashine, huko Uingereza Reg Maling alikuwa akitembelea wagonjwa wa hospitali ya Stoke Mandeville, waliopooza mwili mzima, ambao njia yao pekee ya kuita muuguzi ilikuwa filimbi. Mwaka 1960 alikuwa ametengeneza chombo cha kuendesha mashine ya kuandikia kwa pumzi: mgonjwa anavuta ao anapuliza bomba, na herufi inaandikwa. Kiliitwa POSSUM. Kwa Kilatini neno hilo maana yake ni "naweza".

Wengi wetu tunamjua Stephen Hawking, mwanasayansi wa kiti cha magurudumu. Ugonjwa ulikuwa umeanza kuukausha mwili wake tangu ujana, lakini sauti ilikwisha kabisa mwaka 1985, alipougua mapafu akiwa Uswisi na waganga wakatoboa koo lake ili apumue. Mwanzoni alisema kwa kuinua nyusi: mtu alimwonyesha herufi kwenye karatasi, naye akainua nyusi herufi ikifika. Kisha Mmarekani Walter Woltosz akampatia programu aliyokuwa ameitengeneza kwa ajili ya mama mkwe wake mwenyewe, aliyekuwa na ugonjwa huohuo. Sauti ya mashine ilitoka katika kazi ya mhandisi Dennis Klatt, aliyeijenga kwa kufuata sauti yake mwenyewe. Baadaye zilikuja sauti nzuri zaidi, Hawking akazikataa. Alisema ile ndiyo sauti yake sasa.

Zamani mashine za namna hiyo zilitengenezwa kwa kazi hiyo moja na ziliuzwa kwa maelfu ya dola. Mwaka 2009 kampuni ya AssistiveWare ya Amsterdam ilitoa programu ya Proloquo2Go, iliyosema kupitia simu ya iPhone na chombo kidogo cha kusikilizia muziki. Mwezi wa Aprili 2010 ikaja iPad, kwa dola 499 kule Marekani, ikiwa na kioo kikubwa cha kubonyeza picha. Kwa mara ya kwanza mzazi aliweza kununua chombo dukani, bila kusubiri kibali cha hospitali ao cha bima, na mtoto akabeba kitu ambacho watoto wengine pia wanakitamani.

Kilifi na Kampala

Je, historia hii imefika karibu nasi? Imefika, polepole. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianza kufundisha wataalamu wa usemi. Kutoka Buleusa kwenda Kampala ni mbali kwa pikipiki na gari, lakini si mwezini.

Huko Kilifi, watafiti Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao walifanya kazi ambayo kila mzazi wa hapa angeielewa, na matokeo yake yalitoka mwaka 2014. Waliwafuata nyumbani watoto wasiosema na walezi wao. Hawakupeleka mashine. Walitumia vitu vya nyumbani, picha na ishara, na zaidi waliwafundisha walezi namna ya kumpa mtoto nafasi ya kujibu. Walezi wakaanza kuwaona watoto wao kwa macho mengine.

Niliposoma hayo niliona haya kidogo. Mimi nilikuwa nimeanza na mashine.

Madini yanatoka hapa

Kuna jambo moja linaniuma na siwezi kuliacha. Ndani ya tableti kuna bati linalounganisha nyaya na vipande vyake, na katika vyombo vingi vya umeme kuna tantali inayotoka kwenye koltani. Bati linachimbwa Bisie, hapahapa Walikale. Wachimbaji wa mkono waliingia huko tangu mwaka 2002, na tangu 2019 kuna mgodi wa kampuni kubwa. Koltani inatoka Rubaya, Masisi. Mawe yanashuka mlima mgongoni mwa vijana wetu, yanavuka bahari, na yanarudi yakiwa tableti yenye ufa iliyotumika na watu wengine kwanza. Mtoto wa Walikale anapobonyeza kioo ili aseme "maji", huenda anagusa kipande cha udongo wa kwao. Siandiki hivi ili tukatae tableti. Naandika ili mtu yeyote asituambie kwamba tunaomba zawadi.

Nilivyokosea, na nilivyojifunza

Sasa nirudi kwa mtoto yule. Usiku wa kwanza nilitia picha nane: chakula, maji, choo, kulala, maumivu, mama, ndiyo, na moja ya kunishukuru mimi: aksanti. Picha nilizipata katika hazina ya ARASAAC, inayotolewa bure na serikali ya jimbo la Aragon huko Hispania. Sauti nilizitia mwenyewe.

Mtoto alibonyeza wiki moja, kisha akaiacha. Mama akaniambia jambo ambalo sikufundishwa katika masomo ya uandishi: "Papa, hayo yote nilikuwa nayajua bila mashine. Akitaka kwenda choo, mimi ninaona."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimempa mtoto maneno ya kututumikia sisi, maneno ya kumfanya awe mtulivu. Hata "hapana" sikuiweka! Tukaanza upya, na safari hii tukakaa watatu. Tukaweka: hapana, acha, ngoja, tena, wapi, nani, yangu, sipendi, twende, umesema uongo. Tukaweka majina ya mbuzi wake, majina ya rafiki zake na ya mchezaji wa mpira anayempenda. Siku ya kwanza alibonyeza "hapana" zaidi ya mara thelathini, akicheka. Mama alichoka, lakini hakumnyang'anya.

Sauti nayo ilileta kicheko. Kwa kuwa nilirekodi mimi, mtoto aliomba ndizi kama mtu anayesoma habari za saa moja. Nikamwomba kijana jirani wa umri wake arekodi upya, kwa Kiswahili, na mara ya pili kwa Kikobo kwa ajili ya bibi. Nikakumbuka Hawking na sauti yake. Kuna programu za kusoma maandishi kwa Kiswahili, kama eSpeak ambayo ni ya bure, na Google pia ina sauti ya Kiswahili, lakini hakuna mashine niliyoikuta inayosema lugha ya bibi. Kwa lugha zetu ndogo, sauti ya mtoto wa jirani inatosha.

Miezi mitatu ikapita vizuri. Mwezi wa nne tableti ikarudi kwangu ikiwa tupu. Mahali ilipopelekwa kuchajiwa, mtu alitaka nafasi ya kuweka sinema, akafuta. Maneno yote ya miezi mitatu yalikwenda. Mtoto alinitazama kama mtu aliyeibiwa, na alikuwa ameibiwa kweli. Sikuwa na nakala. Hilo simlaumu mwingine.

Tangu siku hiyo tuna desturi, nami naziandika hapa kwa yeyote atakayepata chombo cha namna hii.

Tunahifadhi nakala mbili za maneno: moja kwenye kadi ya kumbukumbu inayokaa kwa mama, moja kwenye simu yangu. Kila tukiongeza maneno, tunafanya nakala siku ileile.

Tunachagua programu isiyodai mtandao, na kama inahitaji kupakua sauti tunapakua yote Goma kabla chombo hakijapanda huku. Hapa Buleusa mtandao unakuja na kwenda.

Tunafunga programu moja kwenye kioo. Tableti nyingi za Android tangu mwaka 2014 zina njia ya kuzuia mtu asitoke katika programu bila namba ya siri. Sinema zikae kwenye chombo kingine. Sauti ya mtu haiazimwi.

Picha hatuzihamishi mahali pake. Kidole cha mtoto kinakumbuka mahali kuliko macho. Tukiongeza neno, tunalitia penye nafasi tupu.

Batri hatuiachi iishe kabisa, na chombo hatukianiki juani karibu na pano. Pano ya jua haiunganishwi moja kwa moja na tableti. Moto unapita kwanza kwenye batri kubwa na kile kisanduku cha kupima nguvu, kwa maana jua la saa sita linaweza kuunguza chombo. Wakati wa mvua kinakaa ndani ya mfuko wa plastiki, na tundu la kuchajia linasafishwa kwa kijiti kikavu, chombo kikiwa kimezimwa.

Na la mwisho, ambalo ningepaswa kuanza nalo: kila ukurasa wa kioo tumeupiga picha, tukautoa kwenye karatasi kule Kanyabayonga, tukaufunika kwa plastiki. Karatasi hiyo inaning'inia shingoni mwa mtoto. Haina batri.

Kwa nini jambo hili si mchezo

Katika eneo letu ukimya una hatari yake. Mtu asiyejibu anapoulizwa usiku na mwenye silaha anaweza kuonekana mkaidi ao mpelelezi. Wakaaji wa Ikobo wanakumbuka miaka ya 2015 na 2016, vijiji vilipohama kimoja baada ya kingine. Katika kukimbia, mtoto anayesema akipotea anaweza kutaja jina la mama yake na kijiji chake. Asiyesema hawezi. Kwa hiyo nyuma ya karatasi tumeandika, kwa Kiswahili na Kifaransa: "Sisemi, lakini ninasikia na ninaelewa." Chini yake liko jina lake, la mama yake na namba ya simu.

Kuna hatari nyingine ndogo za kila siku. Kwa miezi mama alimpa mtoto dawa ya tumbo kwa sababu alilia usiku. Siku moja mtoto akabonyeza "maumivu", kisha "sikio". Muuguzi akaangalia, akakuta usaha. Tumbo lilikuwa zima.

Sheria iko upande wake. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ya mwaka 2006, yanataja wazi kwamba mawasiliano ni pamoja na njia nyingine za kusema badala ya mdomo na vyombo vyake. Nchi yetu iliingia katika mapatano hayo mwaka 2015. Kifungu cha 49 cha Katiba kinawapa wenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee, na tarehe 3 Mei 2022 ilitoka sheria nambari 22/003 juu ya kulinda haki zao. Karatasi hizo ni nzuri. Lakini mpaka leo, yule anayemtengenezea mtoto wetu chombo chake cha kusemea ni mwandishi wa redio aliyejifunza kwa kukosea. Nikihama ao nikiugua, ni nani atakayeshika kazi?

Hilo ndilo ninaloliona katika historia hii yote. Lokole ilikuwa na kijiji kilichojua kusikiliza. Alama za Bliss zilikuwa na mwalimu wa Toronto aliyekaa na watoto kila siku. Programu ya Hawking ilianzia kwa mtu aliyetaka mama mkwe wake aseme. Kila mahali chombo kilipoletwa bila mtu wa kukaa nacho, kiliishia kabatini. Kutengeneza tableti ni kazi ya siku mbili tatu. Kuitunza, kuongeza maneno mtoto anapokua, kungoja wakati kidole kinatafuta picha, hiyo ni kazi ya miaka, na haihitaji diploma.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Walimu wa shule zetu, mpokeeni mtoto anayekuja na karatasi shingoni, na mwalimu mmoja katika kila shule ajifunze kuisoma. Na nyinyi wazazi wenye mtoto ao mzee asiyesema nyumbani, njoni kwangu Jumamosi baada ya soko. Msilete faranga. Leteni orodha ya watu anaowapenda, vitu anavyovichukia, na majina ya wanyama wake. Tutaanza na karatasi.

Juma lililopita nilimpa mtoto yule maikro, kwa ruhusa ya mama yake. Nilimuuliza anataka kuwaambia nini wasikilizaji. Alikaa kimya muda ambao katika redio ni mrefu mno, na mimi, kinyume na mazoea yangu, sikuujaza. Kisha akabonyeza: "Mbuzi. Yangu. Amezaa. Wawili."

Ni habari ya kweli. Nilikwenda kuwaona.

Mwandishi wenu, Buleusa